Karabai Saba za Mzee wa Mbita

Msomaji wa rika langu, hasa wewe uliyezaliwa katika mitaa yetu ya pwani kabla nguzo za umeme hazijafika uchochoroni, hapana shaka unaikumbuka karabai. Ilitangulia mbele ya harusi, ilitundikwa juu ya mikeka ya maulidi, ilipelekwa penye msiba watu wakaketi chini yake mpaka usiku wa manane, na wavuvi wa dagaa walitoka nayo nyakati za giza. Chuoni kwetu, siku tuliyofika Suratun-Nur, maalimu aliinua fimbo yake akaielekeza karabai iliyokuwa ikining'inia barazani, ili sisi watoto tufahamu taa kuwa ndani ya kioo ni jambo gani. Nuru yake twaikumbuka, na mvumo wake pia. Lakini ni nani amkumbukaye yule mtu aliyekuwa akiishughulikia mchana, ameketi peke yake na kitambaa na sindano, kabla wageni hawajawasili?

Mtu wa namna hiyo sikumpata Mombasa wala Lamu. Nimempata Mbita, katika kaunti ya Homa Bay, kwenye ukingo wa ziwa, mbali sana na maji yetu ya chumvi. Nilikuwa nimekwenda Kendu Bay kuhudhuria nikaha ya kijana wa jamaa zetu, kwani mji ule una Waislamu tangu zamani, na baada ya walima nikapewa habari kwamba huko Mbita yuko mzee mmoja wa Kijaluo "anayelea taa kama watu wengine wanavyolea njiwa." Habari kama hiyo mwandishi haipuuzi. Kesho yake nikapanda matatu.

Kwanza yafaa nieleze taa zilifika vipi katika maji yale. Kuna samaki mwembamba mwenye rangi ya fedha, asiyezidi urefu wa kidole, ambaye Wajaluo humwita omena, Watanzania dagaa, na Waganda mukene. Huvuliwa usiku usio na mwezi. Taa huwekwa juu ya vyelezo na kuachwa zielee. Vijidudu vya majini huufuata mwanga, na omena huvifuata vijidudu. Wakishajikusanya vya kutosha, wavuvi huzikokota taa polepole, huzikaribisha pamoja, kisha huzungusha wavu. Mwezi ukipevuka kazi husimama, jambo ambalo mvuvi yeyote wa Unguja hahitaji kuelezwa. Tena upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa tangu mwanzo wa Aprili hadi mwisho wa Julai, ili samaki wapate kuzaliana. Usiku wa giza, msimu ukiwa wazi, mtu akisimama juu ya kilima cha Mbita hudhani kwamba ng'ambo ya pili umejengwa mji mkubwa. Mji huo hupotea alfajiri.

Kwa miaka mingi mji huo uliwashwa kwa karabai. Aina iliyo mashuhuri kuliko zote, Petromax, ilibuniwa Berlin karibu na mwaka 1910 katika kiwanda cha Max Graetz, na jina hilo la Max ndilo lililomo ndani ya jina la taa. Utambi wake, ule mfuko mdogo wa nyuzi unaogeuka kuwa mweupe ukishaungua, ulitokana na kazi ya mtaalamu wa Austria, Carl Auer von Welsbach, aliyeandikisha haki yake mwaka 1885. Baadaye zikaja karabai za Kichina zenye chapa ya kipepeo na chapa ya nanga, rahisi kwa bei, na hizo ndizo zilizoingia katika mitumbwi kwa wingi. Taa kubwa ilihesabiwa kuwa na nguvu ya mishumaa 500.

Leo mji wa usiku umebadilika rangi. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua hapo hapo Mbita kituo cha kuchaji taa za betri kwa nguvu ya jua, wavuvi wakawa wanazikodi. Baada ya hapo zikaja taa nyingine, ndogo na nyepesi zaidi, ambazo mtu hununua akawa nazo mwenyewe. Mafuta ya taa nayo yalipanda. Mwaka 2018 serikali iliyatoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita, kusudi iwazuie wale wanaoyachanganya na dizeli. Mvuvi aliyekuwa akichoma lita kadhaa kila usiku, huku hajui kama atarudi na ndoo tatu au thelathini, hakuwa na haja ya kushawishiwa. Nami simlaumu. Karabai inakula, inatoa moshi, inaunguza mikono, na ikitunzwa vibaya hulipuka. Anayesema uvuvi ulikuwa bora zamani kwa sababu taa zilikuwa nzuri kutazama, huyo hajapata kulipa deni la mafuta.

Mzee wangu hasemi hivyo. Aliniomba nisimtaje jina, na ombi lake nimeliheshimu. Umri wake umepita miaka sabini, kimo chake ni kifupi, na vidole vyake ni vinene kiasi kwamba mtu hushangaa vinavyoweza kushika sindano iliyo nyembamba kama unywele. Mwanawe wa pili anauza taa za jua katika duka lililo mita mia mbili kutoka hapo, na biashara yake yaenda vizuri. Baba na mwana wanakula sahani moja. Ila baba anazo karabai saba juu ya ubao katika chumba cha nyuma, kila moja imefunikwa kwa mkono wa shati kuukuu, na kila alasiri huteremsha moja. Siku saba, taa saba. Mvuvi hakopi tena, mwenye harusi haji tena kuazima. Naye hufungua, husafisha, hufunga, huwasha kwa robo saa, huzima, hurudisha mahali pake.

"Karibu, Sheikh," aliniambia baada ya kuitazama kofia yangu. "Keti hapo, lakini usinizibie mwanga wa dirisha."

Nikaketi. Ilikuwa zamu ya karabai ya tatu, yenye chapa ya nanga. Alianza kwa kufungua parafujo ya hewa ili pumzi iliyobaki ndani itoke, na hapo akainamisha kichwa asikilize. Kisha akamimina mafuta kupitia kitambaa cheupe ndani ya bakuli, akaitazama takataka iliyobaki juu ya kitambaa kama tabibu atazamavyo mkojo. Ndipo akachomoa pampu. Mwishoni mwa fimbo ya pampu mna washa ya ngozi, umbo lake kama kikombe kidogo, ambayo hubana ukuta wa silinda na kuisukuma hewa. Ngozi ikikauka hewa hupita pembeni, na mtu atapampu mpaka jasho limtoke bila taa kushiba. Washa za kiwandani hazipatikani tena kwa urahisi. Yeye hukata zake kutoka katika ulimi wa viatu vya zamani, hulowesha ngozi usiku mmoja katika mafuta ya mbuta, kisha huifinyanga juu ya kifuniko cha chupa mpaka ishike umbo.

"Kwa nini mbuta, Mzee? Si ungetumia oili ya injini?"

"Oili inafaa pia. Lakini mafuta ya mbuta yanaingia ndani ya ngozi. Oili inakaa juu juu."

Kazi iliyochukua muda mrefu ni mrija wa mvuke. Hapo ndipo penye siri ya karabai, na pahali hapa nitakawia kidogo. Hewa ya tangini husukuma mafuta yapande kwenye mrija unaopita karibu na moto. Mrija ukiwa moto sana mafuta hugeuka mvuke. Mvuke huchomoka kwa nguvu katika kitundu ambacho kwa jicho la mtu wa hamsini na kitu kama mimi hakionekani kabisa. Ukichomoka huvuta hewa ya nje, huchanganyika nayo, na mchanganyiko huo ndio uwakao ndani ya utambi. Ndiyo sababu taa huanzwa kwa spiriti: bila kuupasha mrija kwanza, mafuta hutoka yakiwa maji, na moto hupanda mpaka darini. Sasa mafuta yakichomwa usiku baada ya usiku huacha masizi magumu ndani ya mrija, kama chokaa ndani ya birika. Mzee ana kipande cha waya wa breki ya baiskeli, amezifumua nyuzi zake upande mmoja zikawa kama brashi. Aliuingiza, akauzungusha, akautoa, akagonga mrija juu ya gazeti. Vumbi jeusi likadondoka. Akarudia. Akarudia tena. Mimi nilihesabu mara kumi na nne, kisha nikaacha kuhesabu, na jambo la ajabu ni kwamba wala sikuchoka kutazama.

Maungio ya mrija huzibwa kwa pete za risasi, ile risasi laini iyeyukayo upesi. Pete iliyokwisha kubanwa haifai kubanwa mara ya pili. Mzee huyeyusha vizito vya nyavu kuukuu akamimina pete mpya katika kalibu aliyoichonga mwenyewe kwenye tofali. Alipomaliza kufunga kila kitu alipampu kidogo, akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote, akavaa miwani, akanyamaza. Tulinyamaza wote wawili. Kama kuna mahali pavujapo, povu litapiga puto. Hapakuwa na puto hata moja, naye akacheka peke yake, cheko dogo la puani, kama mtu aliyeshinda bao bila mpinzani kujua.

Hapo nikakumbuka roketi.

Msomaji asinione nimeruka mipaka. Sisi wa pwani tumekuwa jirani wa roketi kabla ya wengi katika Afrika. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, na kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti kadhaa zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco. Mojawapo ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Hiyo ilikwenda kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota. Na roketi, ukiiondolea fahari yake, si kitu kigeni kwa mtu anayejua karabai. Ni moto uliofungiwa ndani ya chombo, ukapewa tundu moja la kutokea. Uzima wa kila kitu umo katika vizibo. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Wamarekani kiitwacho Challenger kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu wote saba waliokuwamo. Chanzo chake kilikuwa pete ya mpira ya kuziba ungio la roketi ya pembeni, ambayo baridi ya asubuhi ile iliifanya ngumu, ikashindwa kubana, moto ukapenya.

Nilimweleza mzee habari hizo, nikamwambia pia kwamba huko Marekani wako watu wazima wenye kazi zao ambao mwisho wa juma huenda mashambani kurusha roketi ndogo kwa kujifurahisha tu, na chama chao cha taifa kipo tangu mwaka 1957. Roketi hupaa kwa sekunde chache, ikateremka kwa mwavuli, basi. Kazi yenyewe iko nyumbani mezani: kusugua masizi ndani ya bomba la chuma lililobeba baruti, kutupa pete za mpira zilizotumika na kutia mpya, kuzipaka grisi, kutazama kama mbawa zina ufa, kuukunja mwavuli na kuunyunyizia poda ya talka ili usigande ukakataa kufunguka. Wapo wanaotumia jioni nzima kwa ajili ya safari ya sekunde hizo. Hata hapa kwetu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, Juja, wana mradi wao wa roketi uitwao Nakuja.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Hizo pete zao ni za mpira tupu? Hawana ngozi?"

Nikamwambia ni za mpira. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, nadhani akiwahurumia.

Baada ya hapo aliwasha. Spiriti kidogo katika kikombe chake, mwali wa buluu, kusubiri bila haraka. Kisha pampu, thelathini au arobaini, akageuza gurudumu, na utambi ukapumua mara moja ukawa mweupe. Ule mvumo ukaanza. Nilikuwa sijausikia kwa miaka mingi, na sitamficha msomaji kwamba koo lilinikaza, maana niliwaona watu wa mtaa wetu wamekaa, na wengi wao wako chini ya mchanga. Mzee hakuwa akitazama mwanga hata kidogo. Alikuwa ameupa mgongo, anausikiliza. Alinieleza kwamba karabai yenye afya huvuma kwa sauti moja. Ikigugumia, mrija una uchafu. Ikipiga mluzi, kitundu kimepanuka. Ikipanda na kushuka kama mtu mwenye pumu, pampu inarudisha hewa. Usiku ziwani, taa ikiwa chelezoni umbali wa mita mia, mvuvi alijua kwa sikio ipi inataka kufa.

Na kujua huko hakukuwa mchezo. Ziwa lile, msomaji, si bwawa. Upepo huinuka ghafla usiku, mawimbi yake ni mafupi na ya karibu karibu, na wengi wa mabaharia wa omena hawakuwa na jaketi la kuogelea. Taa ikizimika mtumbwi hupoteza mahali ulipoacha wenziwe. Hapo ndipo nilipouliza habari ya karabai ya saba, ambayo mkono wake wa shati ulikuwa wa kitambaa tofauti, mistari ya samawati.

Hakunijibu upesi. Alizima ile ya tatu kwanza, akaacha ipoe.

Karabai ya saba ilikuwa ya mwenzake, baharia waliyeshirikiana mtumbwi miaka kumi na mmoja. Usiku mmoja wa upepo mtumbwi ulipinduka karibu na Mfangano, watatu wakashikilia, mmoja akaenda. Chelezo chake kilipatikana siku ya pili, karabai ikiwa bado imefungwa kwa kamba juu yake, kioo kimevunjika na mrija wa mvuke umepasuka. Mke wa marehemu hakutaka kuiona nyumbani. Mzee aliichukua, akanyosha tangi kwa nyundo ya mbao, akatia kioo, akatengeneza pampu. Mrija tu ndio uliomshinda, kwa kuwa nyufa zake hazishiki lehemu: ukipata moto lehemu huyeyuka. Kila siku ya saba huiteremsha, huifuta, hupampu hewa tupu bila mafuta, hutazama kama tangi linashika, huirudisha.

"Ukipata mrija, utaiwasha, Jaduong'?" nilimuuliza, kwa lile neno la heshima ambalo Wajaluo humwita mzee.

"Nataka iwe tayari."

"Tayari kwa nini?"

Aliniangalia kama vile nimeuliza kwa nini mtu huoga. Kisha akatoa mrija uliopasuka, akaufunga katika kipande cha gazeti, akanipa. Alikuwa amesikia kwamba ningerudi pwani kwa njia ya Migori, maana nilikuwa na mtu wa kumwona huko kabla ya kupanda basi la Nairobi. Migori, alisema, mna maduka ya kale, na tena iko karibu na mpaka wa Tanzania. Kitu kisichopatikana Kisumu huenda kikapatikana huko.

Basi nikafika Migori na mrija mfukoni. Mji ule umechangamka. Barabara kuu ya kwenda Isebania imeupasua katikati, na watu wa machimbo ya dhahabu ya Nyatike huteremka kununua kamba, sululu, na taa za kufunga kwenye paji la uso. Katika duka la kwanza la vifaa kijana aliutazama mrija akaniuliza kama ni wa pikipiki. La pili walidhani ni wa jiko la gesi. Katika la tatu mwenye duka, mtu mzima, aliuchukua akaupima kwa kidole gumba, akatabasamu bila kusema, akaingia nyuma. Nilisikia makopo yakisogezwa kwa muda mrefu sana. Alirudi na pakiti nne za utambi zenye vumbi, lakini mrija hakuwa nao. Alinielekeza kwa fundi wa baiskeli nyuma ya soko ambaye, alisema, hatupi kitu.

Fundi huyo alikuwa na debe zima. Tulilimwaga juu ya gunia: spoki, kengele, vichwa vya pampu, koki za tangi, bawaba, na ndani yake vipande vya karabai ambavyo vilikuwa vikingoja labda tangu siku za mafuta ya bei nafuu. Mirija ilikuwa mitano. Miwili ilikuwa imepinda, mmoja ulikuwa wa aina nyingine kabisa. Nilikaa chini juu ya kigoda, nikachukua waya wa breki kwake yeye mwenyewe, nikafumua nyuzi zake, nikaanza kusugua mmoja kati ya ile miwili iliyosalia, ili nione kama tundu lake liko wazi. Fundi aliniacha. Adhuhuri ikaingia nikaenda kusali, nikarudi, nikaendelea. Kanzu yangu ilipata doa jeusi ambalo halijatoka hadi leo. Baada ya hapo tuliupuliza kwa pampu ya baiskeli ndani ya ndoo ya maji, na mapovu yalitoka mwisho mmoja tu, pale yanapotakiwa.

Alinitoza shilingi mia mbili, na pakiti nne za utambi zilinigharimu zaidi ya hapo. Nilivifunga pamoja na barua fupi, nikampa utingo wa matatu ya Homa Bay, ambaye angempa mwenziwe wa Mbita. Siku ya tatu, nikiwa tayari nimefika nyumbani Mombasa, simu yangu ililia. Ilikuwa namba ya mwanawe muuza taa za jua, lakini sauti ilikuwa ya mzee. Hakunisalimu kwa urefu.

"Sheikh, mrija umefika. Umeusugua wewe?"

"Mimi, Mzee."

"Upande wa juu umebakiza kidogo. Nimemaliza. Washa yake ya risasi ilikuwa ipo ulipoupata, ama hapana?"

"Ilikuwapo moja, imechoka. Nimeitupa."

"Vizuri," akasema. "Nimemimina mbili."